Maswali ya Wasomaji: Shokabu ya gesi inazidije kuwa ngumu kadiri unavyoibana?

Toleo hili nimeamua kuweka pamoja barua zinazohusu kitu kimoja, shokabu za gesi, zile silinda nyembamba nyeusi zenye rodi inayong'aa ambazo zinashikilia mlango wa nyuma wa gari, boneti, mifuniko ya masanduku makubwa, milango ya makabati ya juu na hata kiti cha ofisi kile cha kupanda na kushuka. Barua zimekuja nyingi na karibu zote zinazunguka palepale, nguvu yake inabadilikaje ukiisukuma ndani. Nimezifupisha kidogo ila maana nimeiacha kama ilivyokuja.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa ufundi mitambo. Darasani tumefundishwa springi ukiibana mara mbili zaidi na nguvu yake inakuwa mara mbili. Sasa nimeshika shokabu ya gesi imeandikwa 400N. Hiyo 400 ni ya wapi, ikiwa imefunguka au ikiwa imebanwa? Na je inafuata kanuni ileile ya springi ya waya?

JIBU: Marahaba. Hiyo 400N, yaani nyutoni 400, ni nguvu yake ikiwa imefunguka karibu yote. Kawaida wanaipima rodi ikiwa imebakiza milimita 5 kufika mwisho wa kutoka, kwenye joto la nyuzi 20, na hiyo ndo inaitwa F1. Kuna F2 pia, ile ya karibu na mwisho wa kubana, ambayo mara nyingi haiandikwi kwenye mwili wa shokabu mpaka uitafute kwenye katalogi. Gawa F2 kwa F1, kwa shokabu za kawaida utapata kitu kati ya 1.2 na 1.4 hivi, zipo zinazofika 1.6. Yaani ukiibana mpaka mwisho haiwi ngumu mara mbili wala mara tatu, inaongezeka kama theluthi moja tu, na hapo ndo tofauti kubwa na springi ya waya ilipo.

Springi ya waya inaanzia sifuri. Hujaigusa, haina nguvu, ukiibana milimita 10 inakupa kitu, ukibana 20 inakupa mara mbili yake, kanuni ya Robert Hooke hiyo, ya mwaka 1678. Shokabu ya gesi haianzii sifuri hata kidogo, milimita ya kwanza tu unayoisukuma tayari inakukabili na nyutoni 400 zake zote, kwa sababu gesi iliyomo ndani ilishabanwa kiwandani na inasukuma muda wote hata ikiwa imelala kwenye rafu. Kanuni inayoifuata ni ya Robert Boyle, ya mwaka 1662, kwamba gesi ya kiasi kilekile kwenye joto lilelile ukiipunguzia nafasi presha yake inapanda kwa kiwango hichohicho, nusu ya nafasi presha mara mbili. Na Hooke huyohuyo kabla ya kuja na kanuni yake alikuwa msaidizi wa Boyle, ndiye aliyemtengenezea pampu ya hewa ya majaribio, kwa hiyo hizi kanuni mbili zimetoka kwa watu waliofanya kazi chumba kimoja.

Sasa tupige hesabu, chukua karatasi. Rodi yenye kipenyo cha milimita 8 ina eneo la milimita za mraba 50 hivi. Nyutoni 400 gawanya kwa 50 unapata 8 kwa kila milimita ya mraba, ambayo ni bar 80. Tairi la gari dogo linakaa kwenye bar 2 na kitu, kwa hiyo ujue umeshika nini mkononi. Tuseme ukiwa umeifungua yote gesi ina nafasi ya cc 40 humo ndani, na rodi ina uwezo wa kuingia milimita 200. Rodi ikiingia milimita 200 inaingiza mwili wake wote huo ndani ya silinda, 50 mara 200 ni milimita za ujazo 10,000, yaani cc 10. Silinda haijatanuka, gesi haijatoka, kwa hiyo gesi imebakiwa na cc 30. Arobaini gawanya kwa thelathini ni 1.33, zidisha kwa 400, unapata nyutoni 533. Hiyo ndo F2 yako.

Sasa angalia katikati, hapa ndo wengi wanadhani jibu ni nusu ya njia. Milimita 100 rodi imeingiza cc 5, gesi imebakiwa na 35, 40 kwa 35 ni 1.14, nguvu ni 457. Kwa hiyo nusu ya kwanza ya safari imeongeza nyutoni 57 na nusu ya pili imeongeza 76. Ukiichora kwenye grafu haiwi mstari ulionyooka, inapinda kwenda juu taratibu, kwa sababu kila milimita mpya inachukua sehemu kubwa zaidi ya nafasi ndogo iliyobaki. Ushauri wangu kwako, na nitaurudia kwenye majibu mengine humu, usiangalie umesukuma milimita ngapi, angalia gesi imebakiwa na nafasi gani. Ukishika hilo huna haja ya kukariri fomula yoyote.

Na kama unataka kuona kwa nini watu waliacha waya wakaenda kwenye gesi, jaribu kutafuta springi ya waya inayofanya kazi ileile, ianze na 400 imalize na 533 ndani ya milimita 200. Inatakiwa iongezeke nyutoni 133 kwa milimita 200, ambayo ni 0.67 kwa kila milimita, sasa ili ianze na 400 inabidi uwe umeshaibana milimita 600 kabla hujaanza kuitumia. Nani ana nafasi ya springi ya hivyo kwenye mlango wa gari?

SWALI: Hongereni kwa kazi. Nimefuatilia maelezo ya shokabu za gesi sehemu mbalimbali, wote wanazidisha presha kwa eneo la rodi. Mimi nimeikata moja mbovu iliyokwisha gesi kabisa nikakuta ndani kuna pistoni pana inayojaa silinda. Kwa nini tusizidishe kwa eneo la pistoni? Si ndiyo inayosukumwa na gesi?

JIBU: Swali zuri sana hili, na vizuri umeangalia kwa macho yako. Rudi kwenye hiyo pistoni uitazame vizuri, ina kitundu au mfereji mwembamba unaopitisha gesi upande mmoja kwenda wa pili. Kwa hiyo gesi ipo mbele ya pistoni na nyuma yake pia, na ukitulia presha ni ileile pande zote mbili. Upande wa chini inasukuma pistoni nzima, upande wa juu inasukuma pistoni nzima isipokuwa pale katikati ambapo rodi imeshika. Mbele na nyuma zinauana, kinachobaki bila mpinzani ni lile duara la unene wa rodi, ambalo ng'ambo yake kuna hewa ya nje tu ya bar 1. Ndo maana shokabu mbili zenye silinda sawa na presha sawa, moja rodi ya 8 nyingine rodi ya 10, ile ya 10 inasukuma zaidi kwa asilimia 56, kwa sababu 10 kwa 10 ni 100 na 8 kwa 8 ni 64.

Pistoni sasa kazi yake ni nini? Kuongoza rodi isiyumbe, kuizuia isichomoke, na kile kitundu kupunguza mwendo ili mfuniko usiruke kama umepigwa teke. Na ingekuwa imezibwa kabisa bila kitundu, gesi ikawa upande mmoja tu, ungekuwa unaisindika kwenye kona. Kwenye silinda yenye urefu wa ndani wa milimita 230 ukisukuma 200 gesi ingebaki na milimita 30, presha ingepanda karibu mara 8 na hakuna mfuniko wa kawaida ungeufunga kwa mkono. Kitundu kile kidogo ndicho kinachofanya nguvu ipande kwa theluthi tu, sababu kinachopunguza nafasi ya gesi ni unene wa rodi peke yake.

SWALI: Mimi ni fundi makabati na masanduku. Nimefunga shokabu moja kwenye mfuniko mzito. Mnasema ikibanwa ndo inakuwa na nguvu zaidi, sasa mfuniko ukiwa umefungwa si shokabu imebanwa kabisa? Mbona hapo ndo mfuniko mzito kuuinua, alafu ukifika juu unavutwa wenyewe kwa nguvu mpaka unashtuka?

JIBU: Fundi, shokabu yako haina kosa, tatizo ni pale ulipoifunga. Nguvu ya shokabu na nguvu inayoinua mfuniko ni vitu viwili. Mfuniko unazunguka kwenye bawaba, kwa hiyo kinachohesabika ni nguvu mara umbali kutoka bawaba mpaka kwenye mstari ambao shokabu inasukumia, na umbali huo unaupima kwa pembe ya mraba, siyo umbali wa mpaka kwenye skrubu ya kushikilia. Mfuniko ukiwa umefungwa shokabu inakuwa imelala, mstari wake unapita karibu sana na bawaba, kwa hiyo hata kama inasukuma kwa nguvu zake zote sehemu kubwa ya nguvu inaishia kuisukuma bawaba yenyewe.

Tutumie mfano. Mfuniko wa kilo 20, uzito wake umekaa sentimita 30 kutoka bawaba. Ukiwa umelala, uzito unavuta chini kwa nyutoni-mita 59. Shokabu ile ile yetu ya 400, sasa imebanwa karibu yote, inasukuma kama nyutoni 510, lakini mstari wake uko milimita 25 tu kutoka bawaba. 510 mara 0.025 ni kama 13. Zinabaki 46 za mkono wako, na ukishika ukingo ulio sentimita 60 kutoka bawaba hiyo ni kama kuinua kilo 8, wakati bila shokabu kabisa ingekuwa kilo 10. Imekusaidia kilo 2 tu ikiwa kwenye nguvu yake kubwa kabisa. Sasa inua mpaka nyuzi 60. Uzito unavuta nusu, 29, kwa sababu mfuniko umesimama zaidi. Shokabu imefunguka, nguvu imeshuka mpaka 440 hivi, lakini mstari wake sasa uko milimita 130 kutoka bawaba, 440 mara 0.13 ni 57. Karibu mara mbili ya kinachohitajika, lazima ukushtue.

Umeona? Nguvu ya shokabu imeshuka kutoka 510 mpaka 440, mabadiliko madogo, ila ule umbali umeongezeka mara tano. Kwenye mfuniko, mahali unapofunga mguu wa shokabu panaamua mambo kuliko namba iliyoandikwa juu yake. Naona mafundi wengi wakiona mfuniko mzito mwanzoni wanakimbilia kununua ya nguvu zaidi, wanaweka ya 600, mwanzoni inasaidia kidogo sana, juu inakuwa balaa, bawaba zinang'oka. Kabla hujabadilisha shokabu hamisha mguu mmoja. Sogeza ule wa kwenye boksi uelekee chini zaidi au mbali kidogo na ukuta wa bawaba, ili mfuniko ukifungwa mstari wa shokabu usipite karibu na bawaba kiasi hicho. Chora kwenye kipande cha ubao kwa kipimo halisi, kata kamba au fito ya urefu wa shokabu ikiwa imefunguka na ikiwa imebanwa, zungusha mfuniko wa karatasi uone, dakika chache tu unaokoa matundu mengi ya skrubu. Kumbuka tu kwamba ukiongeza umbali na safari ya rodi inaongezeka, isije ikafika mwisho wa kubana kabla mfuniko haujakaa, ukiulazimisha unapinda rodi.

Na kuna wanaofanya kusudi mstari upite ng'ambo ya pili ya bawaba mfuniko ukifungwa, ili shokabu iushikilie usifunguke wenyewe. Hiyo siyo kosa, ni mbinu nzuri kama sanduku linasafirishwa.

SWALI: Asubuhi kukiwa na baridi mlango wa nyuma wa gari unashuka wenyewe taratibu, mchana jua likiwaka unasimama imara. Je, gesi inapungua na kurudi?

JIBU: Gesi haijaenda popote, ni ileile, ila gesi ikipoa presha inashuka hata kama nafasi haijabadilika. Kanuni ni kwamba presha inaenda sambamba na joto linalohesabiwa kutoka sifuri halisi, nyuzi 273 chini ya sifuri ya kawaida. Nyuzi 20 ni Kelvini 293, kwa hiyo kila nyuzi moja inabadilisha nguvu kwa sehemu moja ya 293, karibu asilimia 3.4 kwa kila nyuzi 10. Shokabu ya 400 kwenye nyuzi 0 inakupa 373, kwenye nyuzi 40 inakupa 427. Kama mlango wako unasimama mchana na kushuka asubuhi maana yake nguvu yake iko palepale kwenye mpaka, imeshapungua kwa uchakavu na baridi inamalizia. Ile mpya inachaguliwa na ziada ya kutosha isisumbuliwe na baridi. Zibadilishe zote mbili kwa pamoja, ukiweka moja mpya na moja kuukuu mlango unavutwa upande mmoja unajipinda.

SWALI: Nimeona nikiisukuma shokabu haraka inakuwa ngumu kuliko nikiisukuma polepole, alafu nikiishikilia pale chini inalegea kidogo yenyewe. Ni akili yangu inanidanganya?

JIBU: Haikudanganyi, umehisi kitu cha kweli na sababu zake ni mbili. Ya kwanza ni kile kitundu cha pistoni, ukisukuma haraka gesi haiwahi kupita, presha ya mbele ya pistoni inazidi ya nyuma kwa muda, unahisi ugumu wa ziada ambao unaisha mara tu ukisimama. Shokabu nyingi zimetengenezwa kuzuia zaidi wakati wa kufunguka kuliko wakati wa kubana, kwa hiyo hii inategemea na uliyonayo.

Ya pili ndo tamu. Hesabu za Boyle nilizopiga juu zinadai joto lisibadilike, lakini gesi ukiibana inapata joto, kama bomba la baiskeli linavyochemka chini ukijaza tairi kwa kasi. Ukisukuma polepole joto linapata muda wa kupita kwenye chuma kwenda nje, gesi inabaki na joto la kawaida, unapata 533 yako. Ukisukuma kwa ghafla kabisa joto linabaki ndani, na naitrojeni, ndiyo gesi iliyomo ndani, ikibanwa kutoka cc 40 kwenda 30 bila kupoteza joto lolote ingepanda kutoka nyuzi 20 mpaka 55 hivi, nguvu ingefika karibu 598 badala ya 533. Kwenye uhalisia huwezi kufika huko kwa mkono, chuma cha silinda kiko karibu mno kinanyonya joto haraka, utakuwa mahali fulani kati ya hizo namba mbili. Alafu ukishikilia, gesi inapoa, presha inashuka, mkono unahisi imelegea. Ukiiachia baada ya hapo inafunguka kwa nguvu ndogo kidogo kuliko ulivyoiacha, kwa sababu sasa gesi inatanuka na kupoa chini ya joto la chumba. Kazi uliyoifanya na haikurudi ndo ile iliyopotea kama joto kwenye mwili wa silinda, na mashine zinazobana na kuachia shokabu mfululizo mwili wake unapata moto ukiugusa.

SWALI: Kuna njia ya kupima nguvu yake bila kuwa na mashine ya maabara? Nina shokabu kadhaa zimefutika maandishi.

JIBU: Ipo, na mimi naipenda kwa sababu inakuonyesha mabadiliko yote kwa macho. Tafuta mizani ya kupimia uzito wa mtu, ile ya mshale, za kidijitali nyingi zinaganda kwenye namba moja hazifuatilii. Weka juu yake kipande cha mbao chenye kishimo katikati, simamisha shokabu rodi ikiangalia chini ncha yake ikae kwenye kishimo, funga kitambaa kizito juu ya silinda ushike kwa mikono miwili, uso wako usiwe juu yake, kisha egemea ukienda chini wima kabisa. Kwa ile yetu ya 400 mshale utapanda mpaka kilo 41 au zaidi kidogo bila rodi kusogea hata nywele, alafu ghafla inaanza kuingia, na kuanzia hapo mshale unapanda polepole tu. Kilo zidisha kwa 9.81 unapata nyutoni.

Utagundua jambo moja litakalokusumbua. Weka alama ya penseli kwenye mkanda wa karatasi uliosimamishwa pembeni, katikati ya safari. Ukipita hapo ukishuka mizani itasoma tuseme 49, ukipita palepale ukiachia polepole itasoma 44. Gesi ni ileile, nafasi ni ileile, mbona namba mbili? Ni msuguano wa sili, ule mpira unaozuia gesi isitoke, kwenye rodi. Ukisukuma unapigana na gesi pamoja na sili, ukiachia sili inaisaidia mikono yako kuizuia gesi. Ukweli wa gesi uko katikati, 46.5, ambayo ni nyutoni 456, na nusu ya tofauti, kilo mbili na nusu, ndo msuguano wenyewe. Ndo maana katalogi zenye uangalifu zinatoa namba nne, F1 na F2 rodi ikitoka, F3 na F4 rodi ikiingia. Na huo msuguano una faida yake, unasaidia mfuniko kutulia pale ulipouacha badala ya kucheza juu chini.

Ukishapata namba ya mwanzo na ya mwisho zigawe. Hapa kuna kitu ambacho ningependa kila fundi akijue. Shokabu ikivuja gesi taratibu, namba zote mbili zinashuka pamoja ila uwiano unabaki vilevile. Ya 400 kwa 533 ikichoka inakuwa 300 kwa 400, bado 1.33. Baridi nayo hivyohivyo. Presha inashusha au kupandisha mstari mzima, nafasi ndiyo inayoamua mstari umeinama kiasi gani. Kwa hiyo ukipima nyingine iliyofutika maandishi ukakuta uwiano ni 1.33 huku nguvu ni ndogo kuliko mwenzake wa upande wa pili, huenda ni ndugu yake aliyevuja, siyo aina nyingine.

SWALI: Naweza kuongeza oili ndani ili iwe ngumu zaidi mwishoni?

JIBU: Kwa nadharia umefikiri sawasawa kabisa. Oili haibaniki, kwa hiyo kila cc ya oili inakula cc moja ya nafasi ya gesi. Ile ya cc 40 ukiiwekea cc 10 za oili zaidi na kuijaza tena presha ileile, gesi inaanza na 30 na kuishia na 20, uwiano unaruka kutoka 1.33 mpaka 1.5, mwanzo bado ni 400 ila mwisho ni 600. Watengenezaji wanafanya hivyohivyo kiwandani wakitaka mwinuko mkali, na kwenye fok za hewa za baiskeli za milimani watu wanaongeza vipande vya plastiki ndani ya chumba cha hewa kwa sababu hiyohiyo.

Lakini usiifungue hiyo shokabu. Imefungwa kiwandani moja kwa moja, haina kifuniko cha kufungulia, ndani kuna bar 80 na ikibanwa zinapita 100. Ukitoboa, ukikata kwa grainda au ukiipasha moto inakurushia rodi au kipande cha chuma usoni. Fok ya baiskeli ina vali na imetengenezwa ifunguliwe, hii haikutengenezwa hivyo. Hata kuishika rodi kwa koleo ni kosa, mkwaruzo mmoja mdogo unachana sili na gesi inaanza kutoka. Ukitaka mwinuko mkali agiza yenye F2 unayoitaka, au badilisha mahali pa kuifunga kama nilivyomwambia fundi makabati hapo juu.

SWALI: Inafungwa rodi ikiangalia wapi, juu au chini?

JIBU: Chini, mfuniko ukiwa umefungwa, isipokuwa aina chache zilizoandikwa kwamba zinafungwa vyovyote. Ndani kuna oili kidogo, rodi ikiwa chini oili inakaa juu ya sili inailainisha haikauki, na mfuniko ukifika mwisho wa kufunguka pistoni inaingia kwenye ile oili inapunguza mwendo sentimita ya mwisho, ndo ule utulivu unaouona mlango wa gari ukimalizia kupanda.